Somo: Kuiona DNA ya virusi vya hepesi kwa kemia ya kliki

Kila wiki naulizwa lile lile: "Slaidi zangu nyeusi tii, nimekosea wapi?" Kemia ya kliki ni kufunga pamoja vipande viwili vya kemikali, azidi na alkaini, kama kifungo; hapa alkaini inakaa kwenye DNA ya virusi, azidi kwenye rangi inayong'aa. Naandika mara moja, someni hadi mwisho.

Mfano ni hepesi aina ya 1 (HSV-1), katika maabara yenye kibali. Asiye nacho asianze.

1. Ambukiza seli zilizoacha kugawanyika, kisha tia EdC. Ni kijenzi cha DNA chenye mkia wa alkaini. Virusi vikijinakili vinakitumia. Seli zikiwa bado zinagawanyika, DNA yao nayo itang'aa.

2. Gandisha seli (si kwa barafu; ni kuziua zikibaki kama zilivyo) kwa formaldehaidi asilimia 4, dakika 15.

3. Toboa utando wa seli kwa Triton, aina ya sabuni. Osha.

4. Mchanganyiko. Hapa nilipoteza wiki tatu. Anza na mrututu (salfeti ya shaba) na THPTA (kemikali inayoishika na kuilinda shaba), THPTA ikiwa mara tano ya shaba. Halafu rangi yenye azidi. Askobeti ya sodiamu iwe ya mwisho: ndiyo inayoipa shaba ile chaji moja inayofunga azidi na alkaini. Mimi nilichukua askobeti ya mwezi uliopita, ya njano kama chai ya rangi, na sikuona kitu. YEYUSHA SIKU HIYO HIYO. Na kabla ya hapa usioshe kwa bafa yenye EDTA, inaikamata shaba. Dakika 30 gizani.

5. Osha, tia DAPI (rangi ya DNA yote, inayoonyesha viini), tazama. Utaona mabaka yanayong'aa ndani ya kiini. Weka pia slaidi isiyo na EdC, ya kulinganisha.

Mwanamaabara: Mkuu, askobeti ya wiki jana inafaa?

Mwandishi: Soma hatua ya 4.

Kijana wa hadubini: Naweza kufanya kwenye seli hai?

Mwandishi: Hapana. Hatua ya 2 inasema gandisha. Shaba ni sumu kwa seli.

Binti Kemia: Samahani kaka, mbona tusitumie kingamwili na BrdU (kijenzi kingine cha DNA) kama zamani?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Kingamwili ya BrdU haiifikii DNA mpaka uifungue nyuzi zake, mara nyingi kwa asidi, na asidi inaharibu protini ulizotaka kuziona pembeni. Rangi ya azidi ni ndogo mno, inapenya bila kufungua chochote. Na seli zetu hazina azidi wala alkaini za namna hii, kwa hiyo mbili hizo hutafutana zenyewe. Ndiyo kazi iliyowapa Bertozzi, Meldal na Sharpless Nobeli ya 2022.

Binti Kemia: Asante. Protini yangu ina GFP (protini inayong'aa kijani), na imefifia.

Mwandishi: Shaba hiyo. Baada ya kliki, paka kingamwili ya GFP. Faloidini (ya kuonyesha nyuzi za aktini za seli) nayo haishiki vizuri baada ya shaba, tumia kitu kingine.