Kufukua data iliyofichika katika faili za michezo ya zamani

Michezo mingi ya NES, mashine ya michezo ya video ya Nintendo ya miaka ya 1980, ilitoka ikiwa na ramani, picha au maandishi ambayo watengenezaji waliyaacha ndani bila kuyatumia, na njia mojawapo ya kuyafikia ni kuiharibu faili ya mchezo kwa makusudi, kidogo kidogo, huku ukitazama kinachobadilika kwenye skrini.

Fanyia kazi nakala, kamwe si faili ya asili. Katika programu ya kuhariri heksadesimali (inayoonyesha kila baiti ya faili kama namba ya tarakimu mbili, 00 hadi FF), ziache baiti 16 za mwanzo, zinazoanza na 4E 45 53 1A, kwa kuwa ndizo zinazoieleza emuleta, yaani programu inayoiga NES kwenye kompyuta, jinsi ya kuusoma mchezo.

Kisha badilisha fungu la baiti 256 na uuendeshe mchezo. Ukiganda, huenda umegusa maagizo ya programu. Picha zikivurugika tu, pengine umefikia michoro, ambayo kwa kweli ingeonekana kwa urahisi zaidi kwa kitazama-vigae, programu inayoonyesha vipande vidogo vya picha vilivyomo kwenye faili. Kinachotafutwa ni badiliko dogo, mathalani mlango unaokupeleka chumba kingine. Hapo rudisha nusu ya baiti ulizobadilisha kama zilivyokuwa, jaribu tena, na uendelee kugawa nusu inayoleta badiliko hadi ibaki baiti moja. Ikiwa thamani yake ya asili ni 03, jaribu 04, 05 na kuendelea, kwani namba ambayo mchezo hauitumii yaweza kufungua ramani iliyotelekezwa.

Usishangilie mapema, hata hivyo: namba ikivuka mwisho wa orodha ya ramani, mchezo husoma data isiyohusika na kuichora kama ramani, ilhali ramani halisi huwa na sakafu, kuta na njia ya kutokea.