SOMO: Kabla hujaihukumu tabo, pima kompresheni

Wakuu habari. Gari lina tabo (turbo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini), moshi wa bluu unatoka, yaani oili inaungua, nguvu hakuna, mtu anaambiwa tabo imekufa, ananunua nyingine inafungwa na moshi uko palepale. Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi wa injini hiyohiyo, sasa kama injini haibani hewa vizuri ndani ya silinda (huko kubana ndiko kompresheni) hata ukifunga tabo mpya kabisa ni kazi bure. Hapa naongelea petroli, na geji ya kupimia kompresheni iwe ile ya kuzungushia kwenye tundu la plagi, ile ya kugandamiza kwa mkono inavuja utalia bure.

Hatua ya 1. Washa gari lipate moto wake wa kawaida, zima, subiri kidogo usiungue. Betri iwe imejaa, stata ikizunguka kinyonge namba zote zitakudanganya.

Hatua ya 2. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta, chomoa koili na soketi za injekta. Puliza uchafu kwenye matundu halafu toa plagi ZOTE, sio moja moja, uzipange kwa mfuatano wa silinda. Ziangalie vizuri: yenye oili mbichi inakwambia kitu, na iliyo safi kupita wenzake kama imeoshwa, hapo shuku maji ya rejeta yanaingia.

Hatua ya 3. Throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) iwe wazi kabisa. Watu wengi wanaruka hapa. Kwa gari la throto ya umeme usiamini tu kwamba umekanyaga pedeli, toa mpira wa hewa mwenzako akanyage swichi ikiwa on, uone kwa macho yako kipepeo kimefunguka.

Hatua ya 4. Funga geji, piga stata mpaka mshale uache kupanda, mara nyingi ni mapigo 5 au 6, na kila silinda uipe idadi ileile. Usisubiri namba ya mwisho tu, angalia PIGO LA KWANZA. Silinda isiyo na ugonjwa inaruka labda psi 70 (psi ni kipimo cha presha), inafuata 110, 140, inatulia 150. Yenye ringi (pete za pistoni) zilizochoka inaanza 35 halafu inapanda kwa kujikongoja 60, 80, 100. Yenye valvu isiyokaa inaanza chini na inabaki hukohuko chini.

Petroli nyingi za tabo zinasoma kati ya 120 na 170 psi, ila fuata kitabu cha injini yako. Kubwa zaidi ni silinda zilingane, ya chini isipungue zaidi ya 15% kwa ya juu. Ukipata 150, 148, 152 na 95 huna haja ya kubishana na mtu, tatizo liko kwenye silinda ya nne.

Hatua ya 5. Hiyo ya 95 mwagia oili kijiko kimoja cha chai, zungusha kidogo, pima tena. Ikipanda sana ni ringi au pistoni, isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi. Mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, mimi naanza na gasketi. Injini za kulala (silinda zimelala ubavu) oili haisambai vizuri kwenye silinda, usiliamini sana jibu la hatua hii.

Kwenye tabo kuna ugonjwa mmoja wa kuuangalia, presha ya tabo imepandishwa au mafuta hayatoshi, injini inagonga, pistoni inavunjika kingo kati ya ringi na ringi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka, kama inapuliza kwa nguvu mfululizo ujue moshi unapita pembeni ya pistoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu zote 4 zimesoma 90, nifanye ovahoo (kufungua injini yote na kuitengeneza upya)?
Jibu: Tulia kwanza. Zote zikiwa chini sawasawa jishuku wewe mwenyewe, mimi ilishanikuta, nilikuwa namtafutia mwenye gari maneno ya kumpa pole kumbe throto ilikuwa imefunga. Rudia throto, betri, geji. Zikibaki hapohapo angalia mkanda wa taimingi kama umeruka meno, ndio uje kwenye ringi.

Swali: Fundi geji hii naweza kupimia dizeli?
Jibu: Hapana kaka, utaipasua. Dizeli inabana 300 mpaka 450 psi na zaidi, ina geji yake na inapimwa kwenye tundu la plagi ya moto au la injekta. Na oili usimwagie kabisa.

Swali: Zangu zote ziko 150 lakini moshi wa bluu bado upo, hasa nikishasimama kwenye foleni halafu nikaondoka.
Jibu: Hapo sasa ndio tunaigusa tabo. Kompresheni haipimi sili za valvu wala ringi ya oili, kwa hiyo hizo bado ni za kushukiwa. Ila anza na rahisi: mpira wa kupumulia injini kama umeziba, halafu bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo, likiziba oili inakosa pa kwenda inapita kwenye sili za tabo hata kama tabo yenyewe ni nzima. Kisha toa mpira wa hewa gari likiwa limepoa, shika shafti ya tabo uitikise. Kucheza kidogo sana pembeni ni kawaida, mapanga ya feni ya tabo yakigusa nyumba yake hiyo imekwisha.

Swali: Je, kucheza kwa mbele na nyuma?
Jibu: Huko isicheze kiasi cha kusikia kwa vidole.