Kabla hujapanda Kitulo kuona maua

Kitulo ni hifadhi ya taifa iliyo kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Msimu wa maua Kitulo ndio msimu wa mvua Kitulo. Maua yanachanua kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka Aprili kwa sababu mvua imenyesha, basi usikae kusubiri wiki kavu ya Februari. Jiandae kwa maji na baridi, jua likitoka ushukuru.

Tarehe kwanza. Watu hupanga safari likizo ya Juni kwa sababu watoto wapo nyumbani, wakifika wanakuta nyasi, ukungu na baridi ya kugandisha umande. Anayetaka kutembea kutwa bila kulowa aende Septemba au Oktoba. Anayetaka maua aende Desemba hadi Aprili na tope alikubali.

Kitambulisho cha taifa kisibaki nyumbani, maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni havilingani. Malipo ya hifadhi yanapita kwa kumbukumbu namba, si noti mkononi, kwa hiyo yamalize ukiwa bado kwenye mtandao. Chaji simu. Jaza mafuta kabla hujaiacha barabara kuu ya Mbeya.

Gari ni jambo zito zaidi. Kutoka Chimala kwenda Matamba, mji mdogo ulio karibu na hifadhi, unapanda ukingo wa mlima kwa barabara ambayo wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Mvua ikinyesha, gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne lisipandishwe juu. Muulize dereva mara ya mwisho alipita lini, na kama kulikuwa na mvua. Akikujibu "tutafika tu", tafuta mwingine.

Sasa nguo, na hapa nisikilize vizuri. Ukisikia Kitulo ikiitwa Bustani ya Mungu unawaza kanga na kofia ya jua. Bustani hiyo iko mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Mtorwi unafika 2,961. Sisi tulijua, tukabeba masweta, makoti na soksi za kutosha. Tulikuwa wanane, na mdogo kuliko wote alikuwa binti wa dada yangu, mwenye miaka saba. Kosa letu lilikuwa mahali tulipoweka mabegi: juu ya keria, chini ya turubai.

Asubuhi jua liliwaka. Tulitembea kwenye maua mpaka saa nane, watoto wakihesabu rangi za okidi, na mwongozaji akatuambia mara mbili kwamba wingu lile la upande wa magharibi halitungoji. Tukamwomba nusu saa. Mvua ilitukuta mbali na gari, ikaja na upepo. Tulipolifikia tulikuwa tumelowa mpaka ngozi, na hatukufika mbali kabla magurudumu ya nyuma hayajazama kwenye tope jeusi. Dada akafungua mabegi ili awabadilishe watoto. Turubai lilikuwa limechanika pembeni. Sweta la kwanza alilolitoa alilikamua, maji yakamwagika miguuni pake. La pili vilevile. Hatukuwa na uzi mmoja mkavu.

Yule binti wa miaka saba alitetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka. Mimi nikafurahi, nikidhani amepata joto. Mama yake akamwambia afungue kifungo cha gauni, vidole vikakigusa kile kifungo vikateleza, vikakigusa tena vikateleza. Akaanza kusema maneno mazito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Mwongozaji ndiye aliyeelewa. Alitwambia tumvue nguo zote zilizolowa, mama yake amkumbatie ngozi kwa ngozi, na tusimwache alale. Karibu saa moja usiku lori la viazi likatokea. Mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele akavua blanketi lake bila kuulizwa, akatupa na chupa ya chai yenye sukari nyingi. Yule mtoto yuko darasa la tatu sasa. Blanketi tulilirudisha Matamba kesho yake.

Kwa hiyo: kila mtu awe na seti moja kamili ya nguo kavu, pamoja na soksi na kofia ya sufu, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, na mfuko huo ukae ndani ya gari chini ya kiti. Usiufungue mpaka umemaliza kutembea. Ongeza blanketi mbili na chai ya moto. Pombe kali usiibebe kwa ajili ya baridi. Inakudanganya una joto huku mwili unalipoteza. Mtu aliyelowa akiacha kutetemeka huku hajapata joto, hiyo ni hatari. Na mwongozaji akisema turudi, rudini.

Huyo mwongozaji mchukue hata kama unaijua njia. Kuna aina 45 za okidi pale, na nyingine utazikanyaga bila kuziona. Okidi usiing'oe hata moja. Viazi vyake vimechimbwa miaka mingi na kuvushwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko kinachotengenezwa kwa viazi hivyo, na hilo ni sababu mojawapo ya uwanda huu kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Tembea kwenye njia, hata kwa ajili ya picha. Kipunji, yule kima aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka huohuo, anakaa misituni, kwa hiyo usiwaahidi watoto kwamba watamwona kwenye maua.

Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, si kwenye begi. Mwachie mtu wa Matamba taarifa mnarudi saa ngapi. Saa nane muwe mmeanza kurudi garini, hata kama jua linawaka, na kabla ya kuondoka hesabuni watu, kisha hesabuni tena.