Kupanda Kentucky Wonder na kutunza mbegu yake

Kentucky Wonder ni aina ya maharage marando iliyotoka Marekani, inayopandwa tangu karne ya 19. Mbegu ni za kahawia, maganda mabichi hufika sm 20, na mmea hupanda zaidi ya mita 2. Si chotara, hivyo mbegu ukishaipata mara moja huna haja ya kununua tena.

Simika fito kabla ya kupanda, kwa sababu kuzichomeka baadaye hukata mizizi. Chukua fito nne za mita 2.5, zenye maganda yake ili mmea usiteleze, zizamishe sm 40 ardhini, kisha funga ncha pamoja. Kila ufito panda mbegu tano, kina cha sm 3, na zikishaota bakiza miche mitatu iliyo imara. Usiloweke mbegu usiku kucha: hupasuka na kuoza. Udongo wa baridi huziozesha vilevile. Subiri ufike nyuzi 16 za Selsiasi.

Mche ukipotea njia, uzungushie ufito kinyume cha mwendo wa saa, ukitazama kutoka juu. Ukiuzungusha upande mwingine utajifungua wenyewe.

Samadi iliyooza vizuri, ndoo moja kwa mita moja ya mraba, inatosha. Usiongeze mbolea ya naitrojeni: utapata majani mengi na maua machache. Maua yakipukutika, chanzo mara nyingi ni ukame au joto la zaidi ya nyuzi 32, kwa hiyo mwagilia shinani na uweke matandazo. Majani yakiwa na maji usiyaguse, maana kutu na bakteria husambazwa na mikono.

Mavuno huanza baada ya siku 65 hivi. Chuma kila baada ya siku mbili, mbegu zikiwa bado hazijatuna. Ganda likikomaa huwa na nyuzi ngumu pembeni, na mmea ukianza kukomaza mbegu hupunguza maua. Ndiyo maana mimea ya mbegu itengwe mapema: chagua mitano au sita isiyo na mabaka ya batobato majanini (ugonjwa huo hupita kwenye mbegu) na usiichume kabisa. Ingawa maua hujichavusha, nyuki huchanganya mara mojamoja. Iweke mita 5 au zaidi kutoka aina nyingine.

Vuna maganda yakilia kama kayamba. Anika mbegu kivulini, kisha igonge moja kwa nyundo: ikipasuka vipande imekauka, ikibonyea bado. Zilizokauka ziweke kwenye chupa iliyofungwa, ndani ya friza kwa wiki moja, kuua bungua. Ukiitoa, usiifungue hadi ipoteze ubaridi, la sivyo mbegu zitanyonya unyevu.