Simu ilale sebuleni

Juni na Julai, baridi ya Mbeya na Njombe inapomshikilia mtu ndani ya blanketi, simu iliyo chini ya mto humlia saa nzima ya kwanza ya asubuhi. Kuzima sauti hakutoshi, mkono unajua ilipo. Ichaji sebuleni kuanzia saa 3 usiku, na ununue saa ya mezani yenye kengele pale soko la Mwanjelwa, Mbeya. Bila saa hiyo mpango huvunjika mapema, maana utairudisha simu kitandani ikuamshe.

Asubuhi, kabla ya kuishika, kaa dakika 10 na chai yako, kimya. Kisha kazi moja kwa dakika 25, daftari pembeni: likija wazo la kumjibu mtu au kuulizia bei ya mahindi, liandike, usilifuate. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukihamia kazi nyingine, sehemu ya akili hubaki kwenye ile uliyoiacha, hasa kama haijaisha. Ndiyo maana kuchungulia WhatsApp sekunde 20 kunagharimu zaidi ya sekunde 20.

Una mgonjwa au wazazi mbali? Washa hali ya usisumbue, uruhusu namba zao tu zilie, kwa sauti ya juu.