Jinsi ya kumtumia kifurushi mwanao aliye jeshini ng'ambo

Mwongozo huu nimeuandika kwa mzazi, mke, mume au ndugu anayeishi Marekani na mtu wake yumo katika jeshi la nchi hiyo, kapelekwa nje. Wapo kati yetu, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi. Baadhi waliingia kupitia mpango wa MAVNI, ambao ulianza 2009 ukaacha kupokea watu 2016. Mpango huo uliandikisha wageni wenye vibali halali waliojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Wengine ni watoto wetu waliokulia hapa. Mimi wangu alipelekwa Kuwait, na jambo la kwanza aliloniomba kwenye simu lilikuwa majani ya chai. "Mama, chai ya huku haina rangi." Nikaanza kutafuta boksi siku hiyohiyo, na mengi nikayajua baada ya kukosea.

Anza na anwani, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapoharibu. Askari aliye nje hupewa anwani ya posta ya jeshi. Jeshi la nchi kavu na la anga hutumia APO, jeshi la wanamaji FPO, na balozi DPO. Mstari wa kwanza ni cheo na jina lake kamili. Wa pili ni namba ya kikosi au ya sanduku, unaoanza na UNIT, PSC au CMR. Aliye melini huandikiwa jina la meli. Mstari wa mwisho una APO au FPO, kisha herufi mbili, kisha namba tano za posta. AE ni Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika. AP ni Pasifiki, pamoja na Korea Kusini na Japani. AA ni Amerika ya Kati na ya Kusini na visiwa vya Karibi. Kwa hiyo hata kijana aliye Djibouti, kambi ya Lemonnier, karibu kabisa na nyumbani kwetu, barua yake huandikwa AE na husafirishwa kama ya aliye Ujerumani.

Mwambie akuandikie anwani hiyo mwenyewe, kisha uinakili herufi kwa herufi. Usiongeze mji, usiongeze nchi. Mara yangu ya kwanza niliandika "Kuwait" chini kabisa, nikidhani namsaidia mpeleka barua. Ukiandika nchi, mzigo unaweza kuchukuliwa kama wa kwenda posta ya kiraia ya nchi ile badala ya kuingia kwenye mkondo wa jeshi. Boksi langu lilirudi mlangoni baada ya wiki kadhaa, kona zimebonyea, na barua niliyomwandikia ya siku yake ya kuzaliwa bado imo ndani.

Na anwani hiyo usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ina cheo, jina na kikosi, na mahali kilipo kikosi si habari ya kusambaza. Shangazi akitaka kutuma kitu, mpe yeye peke yake, au akuletee uweke kwenye boksi lako.

Hatua inayofuata ni boksi. Nenda ofisi yoyote ya posta ya Marekani, USPS, uchukue maboksi ya bei moja ya Priority Mail, huduma yao ya haraka; boksi lenyewe halilipiwi, unalipia kulituma tu. Liulizie hasa lile kubwa lililoandikwa APO/FPO, kwa sababu likienda kwa askari bei yake ni ya chini kuliko la kawaida la ukubwa huohuo. Kwenye tovuti ya posta unaweza pia kuagiza bure furushi la vifaa kwa ajili ya wenye askari, lenye maboksi, utepe wa kufungia na lebo, na wanakuletea nyumbani. Kampuni binafsi za usafirishaji haziwezi kukusaidia hapa. Anwani ya APO hufikiwa kwa USPS tu, na unalipa bei ya ndani ya nchi, kana kwamba unatuma Texas.

Bei moja maana yake ni kwamba hulipi kwa uzito, ilimradi boksi lisizidi pauni 70, yaani karibu kilo 32, na lifungike bila kuvimba. Hapo unga wa ugali, mchele na maharage vinakuwa na maana. Kijana mwenye jiko dogo chumbani kwake huko Korea au Ujerumani, pakiti mbili za unga zitamfurahisha kuliko biskuti za dukani. Kwa vitu vyepesi na vikubwa, kama blanketi, tumia boksi lako mwenyewe na upimiwe.

Sasa cha kutia na cha kuacha. Pombe hapana, popote alipo. Nyama ya nguruwe na vyakula vyake usitume kwenye kambi za nchi za Kiislamu, wala picha au majarida ya utupu. Biblia au msahafu wa kusoma mwenyewe hauna shida, bali rundo la vitabu vya dini vya kugawa ndivyo vinavyokatazwa kwenye anwani hizo. Marashi yenye spiriti, rangi ya kucha na makopo ya kupuliza ni vitu vya kushika moto, haviendi kwa ndege. Pawabenki na betri za lithiamu zilizo peke yake usiweke. Wakenya wenzangu, miraa msijaribu kabisa. Ni dawa ya kulevya kwa sheria ya Marekani, na atakayeulizwa ni askari. Kila namba ya posta ya jeshi ina masharti yake na hubadilika, kwa hiyo mpe karani zile namba tano za posta umwombe akuangalizie kabla hujafunga.

Halafu fikiria joto. Kuwait wakati wa kiangazi hupita nyuzi 45, na boksi linaweza kukaa kwenye kontena. Chokoleti inayeyuka, ubuyu wenye sukari unashikana ukawa donge moja jekundu, kashata za nazi zinachacha, chapati zinaota ukungu njiani. Vinavyofika salama ni korosho, karanga, majani ya chai, iliki na mdalasini wa chai, bizari ya pilau, tambi za dengu, na visheti. Visheti vyangu huvikaanga jioni, nikavipitisha kwenye shira nzito ya iliki, kisha naviacha kwenye ungo hadi asubuhi. Visipopoa kabisa vinatoa jasho ndani ya mfuko, sukari inalowa, na mwanao anapokea uji. Asubuhi natia kisheti kimoja kinywani; kikivunjika kwa mlio, nafunga.

Usiache sabuni ikutane na chakula. Ifunge kwenye mifuko miwili ya kubana mdomo, uiweke upande wa pili, katikati ukiweka soksi. Mwaka mmoja visheti vyangu vyote vilifika vinanukia sabuni ya maua. Alivila, mtoto wa watu, na hakuniambia hadi aliporudi nyumbani. Achari ya embe ifunge kifuniko kwa utepe, kisha mfuko, kisha mfuko mwingine, kisha uizungushie fulana. Pembe zote zijaze. Boksi lenye nafasi ndani linapasuka. Juu kabisa weka karatasi yenye anwani yake na yako, ili lebo ikichanika atakayelifungua ajue ni la nani.

Fomu ya forodha inawaogopesha wengi bure. Kwa kifurushi cha kawaida utapewa fomu namba 2976-R ujaze kwa kalamu, na karani ataiingiza kwenye kompyuta na kuchapa lebo. Au ujaze kwenye tovuti ya posta ukiwa nyumbani na uchape mwenyewe. Andika jina lako na anwani yako kama zilivyo kwenye kitambulisho, na za askari kama alivyokupa. Kisha orodhesha kila kitu: idadi, uzito, thamani kwa dola. Usiandike "chakula" wala "nguo". Andika "majani ya chai, pakiti 3", "fulana za pamba za kiume, 4", "korosho zilizokaangwa, mfuko 1". Visheti mimi huandika biskuti tamu za ngano, kwa Kiingereza, maana atakayeisoma fomu hajui kisheti ni nini. Weka alama kwenye "zawadi". Thamani iwe ya kweli. Usiishushe wala usiipandishe, kwa sababu ukipotelewa ndiyo utakayodai. Pia utaulizwa, kisipomfikia kirudishwe au kiachwe. Mimi huchagua kirudishwe. Mwisho tia saini na tarehe.

Kwenye kaunta usiondoke bila risiti yenye namba ya kufuatilia. Utaona safari ya boksi lako mpaka Chicago, ambako mizigo ya jeshi hukusanywa, kisha ukimya. Siku kumi, siku kumi na tano, hakuna neno jipya. Usikimbilie kumpigia na kumtia wasiwasi. Wiki mbili hadi tatu ni kawaida, na melini zaidi. Kwa Krismasi, kinachokwenda kwa njia ya polepole kipeleke mapema Novemba, na cha Priority Mail kabla ya wiki ya pili ya Desemba. Posta hutangaza tarehe zake kila mwaka. Kwa Idi hakuna atakayekutangazia, hesabu mwenyewe wiki nne nyuma.

Kama ndugu wa Dar es Salaam au Mombasa wanataka kuchangia, njia nyepesi ni mtu anayesafiri akuletee viungo vikavu na majani ya chai, nawe utie kwenye boksi lako. Na kama huna mtu jeshini ila unatamani kutuma, ujue kuwa barua za kwenda kwa "askari yeyote" zilisimamishwa 2001, baada ya barua zenye kimeta. Siku hizi hupitia mashirika kama Operation Gratitude na Soldiers' Angels, na kila shirika lina orodha yake ya vinavyopokelewa.

Boksi lisipofika, Priority Mail ina bima ya hadi dola 100 ndani ya bei uliyolipa. Kwa anwani za jeshi unaruhusiwa kudai baada ya siku 45 tangu kutuma, na mlango hufungwa mwaka ukitimia. Risiti yangu naibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku, na pembeni yake naandika tarehe ya siku ya 45. Boksi la pili, lile lenye anwani iliyonakiliwa sawasawa, lilifika siku ya 17. Alinipigia usiku, nikasikia kijiko kikigonga kikombe kabla hajanisalimia.