Baiskeli bila magari: njia ya reli ya zamani nje ya Washington

Wengi wetu tunaoishi Maryland, Virginia na Washington yenyewe tulikua na baiskeli. Tulikwenda nayo shule, sokoni, hata kwa bibi kijiji cha pili. Tukifika huku tunaiacha, na sababu ni magari. Barabara ina njia sita, malori yanakimbizana, dereva macho yako kwenye simu. Hakuna mzazi atakayepeleka mtoto wake pale na kibaiskeli. Lakini si lazima upite pale. Katika vitongoji hivihivi tunamopanga nyumba kuna njia za lami ambazo gari haliruhusiwi kuingia, na kadhaa kati yake zimelazwa juu ya tuta la reli iliyokufa. Mimi nakushauri uanze na Washington and Old Dominion, ambayo watu wa huku huiita W&OD.

Ina urefu wa maili 45, yaani kilomita 72, kuanzia Shirlington huko Arlington hadi mji mdogo wa Purcellville, upande wa milima ya Blue Ridge. Treni ilifika Leesburg mwaka 1860, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa mlangoni. Waliojenga reli walikuwa wanayataka makaa ya mawe ng'ambo ya milima, na hawakuyafikia kamwe. Safari za abiria zilikoma 1951, na 1968 reli yote ikafungwa. Kampuni ya umeme ikanunua ardhi ili ipitishe nyaya zake, ndiyo maana hadi leo utaendesha chini ya minara mirefu ya umeme. Kipande cha kwanza cha kutembea na kuendesha baiskeli kilifunguliwa Falls Church mwaka 1974, na kufikia 1988 njia ilikuwa imefika Purcellville. Inasimamiwa na NOVA Parks, mamlaka ya bustani za umma za kaskazini mwa Virginia, na hulipi kitu kuitumia. Nikipita pale huwa naikumbuka reli yetu ya kusini mwa Tanzania, ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tuta la reli ni mali hata treni ikishaondoka.

Uzuri wa tuta hilo utausikia magotini. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwenye kilima kikali, kwa hiyo wahandisi walikata vilima na kujaza mabonde mpaka mwinuko ukawa wa taratibu. Ndiyo maana mtu mzima ambaye hajakanyaga pedeli kwa miaka mingi anaweza kwenda mwendo wake bila kushuka na kusukuma.

Kwa safari ya kwanza, usiende na kurudi. Panda Metro, treni ya mjini, laini ya Silver Line, hadi kituo cha Wiehle–Reston East, toka upande wa kaskazini, na ndani ya dakika chache uko kwenye njia. Kisha endesha kuelekea mashariki hadi East Falls Church, ambako kituo cha Metro kiko karibu kabisa na njia. Ni kama kilomita 20. Baiskeli hailipiwi nauli kwenye Metro na siku hizi inaruhusiwa saa zote, lakini kuna taratibu: tumia lifti, si ngazi za umeme, na ingia kwa milango ya mwanzo au ya mwisho wa behewa, si ule wa katikati. Saa za watu kwenda na kutoka kazini treni hujaa, hivyo ni ustaarabu kungojea inayofuata. Katikati ya safari utafika Vienna. Hapo kuna kituo cha zamani cha treni na behewa jekundu la mkiani, mahali pazuri pa kuteremsha watoto, kufungua chupa ya chai na kula chapati mlizobeba. Kabla ya Vienna, ukitokea Reston, njia inashuka bondeni kwenye kijito cha Difficult Run halafu inapanda tena. Punguza gia mapema na utapita vizuri.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Njia haina magari, lakini inavuka barabara za magari, na hatari yote imekusanyika kwenye vivuko hivyo. Alama ya kusimama iliyoelekezwa kwa mwenye baiskeli ina maana ileile kama ya gari: simama. Hatari kubwa ni barabara yenye njia mbili kila upande. Dereva wa njia ya karibu anasimama, anakupungia mkono upite. Wewe unamshukuru na kuingia, na gari lake limekuziba usionekane na dereva wa njia ya pili, ambaye hana habari kwamba upo. Ukifika usawa wa pua ya gari lililosimama, simama tena, chungulia, na usisogee mpaka gari la pili nalo limesimama kabisa. Watoto wafundishwe jambo hili kabla ya kutoka nyumbani, na kwenye kivuko washuke wasukume baiskeli zao. Mimi hili sina mzaha nalo.

Adabu ya njiani si ngumu. Kaa kulia, pita kushoto, na kabla ya kupita piga kengele au sema "On your left", yaani napita kushoto kwako, kwa sauti ya kawaida, usimshtue mtu. Mkiwa kundi msijipange mkaziba njia, maana asubuhi na jioni wako wanaokwenda kazini kwa kasi. Ukitaka kusimama kupiga picha, toka kwenye lami kabisa.

Kuhusu baiskeli yenyewe, usidanganywe ununue ya mashindano. Tafuta ya kati: tairi la upana wa milimita 35 hivi, hendeli iliyonyooka, gia chache zinazofanya kazi na keria ya kubebea mizigo. Arlington kuna Phoenix Bikes, shirika linalofundisha vijana ufundi na kuuza baiskeli zilizokarabatiwa. Huko utapata kitu imara kuliko baiskeli mpya ya bei rahisi ya supamaketi. Dada na mama zangu mnaovaa buibui au gauni refu, chagueni isiyo na bomba la juu, yenye kava la cheni, na mfunge pindo upande wa kulia, maana cheni ndiko iliko.

Beba tyubu ya akiba, pampu, vijiko viwili vya plastiki vya kubandulia tairi na spana ndogo. Angalia vali yako kabla ya kununua pampu, kwa sababu ziko za aina mbili. Nene ni kama ya gari. Nyembamba ina kijikofia cha chuma nchani ambacho lazima ukilegeze kwa vidole kabla upepo haujaingia. Watu husukuma pampu mpaka jasho linawatoka bila kujua hilo. Jizoeze kubadilisha tyubu sebuleni, siyo kwenye jua la Julai. Maji yawe mengi, kwani joto la huku lina unyevunyevu kama wa pwani, na wakati wa baridi mabomba ya kunywea hufungwa. Helmeti ni kwa kila mtu, mkubwa na mdogo.

Kando ya njia utaona vibao vya maili, kila nusu maili, kuanzia Shirlington. Ukipiga 911, namba ya dharura, taja kibao cha karibu, maana huku hakuna namba ya nyumba. Ukienda vichakani, jihadhari na mmea wenye majani matatu-matatu uitwao poison ivy. Ukigusa ngozi huwasha na kutoa malengelenge kwa siku nyingi. Kupe nao wapo na wanaambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo jioni kagua watoto nyuma ya magoti na kwenye nywele.

Ukishazoea, nenda kilomita zote 72 kwa siku mbili na ulale Leesburg. Baada ya Leesburg kuna mwinuko mrefu wa polepole hadi Clarks Gap, ambako unapita chini ya daraja la mawe la upinde, kisha mashamba yanafunguka pande zote. Kwangu hicho ndicho kipande kitamu kuliko vyote. Purcellville haina Metro. Panga mapema mtu wa kukuchukua, au urudi Ashburn, mwisho wa Silver Line tangu Novemba 2022. Miongozo ya zamani itakuambia uvuke mto Potomac kwa kivuko cha White's Ferry karibu na Leesburg. Kilisimama Desemba 2020, usikiwekee safari bila kuhakikisha kwanza.

Baadaye, ikiwa mwili unataka zaidi, kuna njia ya mfereji wa C&O: maili 184.5 kutoka Georgetown hadi Cumberland, udongo na changarawe, na sehemu za kupiga hema kandokando ya mto. Ikinyesha inakuwa tope, kwa hiyo acha siku moja ya ziada na weka mudigadi. Cumberland inaungana na Great Allegheny Passage, maili 150 hadi Pittsburgh, nyingi yake juu ya reli za zamani. Kurudi kuna treni ya Amtrak inayobeba baiskeli kati ya Pittsburgh, Cumberland na Washington. Nafasi za baiskeli ni chache, kata tiketi yake pamoja na yako.